Foleni ya Dharura Kigali: Mlango Uliopanuliwa Upande Mmoja

Tunapoona msongamano katika idara ya dharura, wengi wetu tunaulaumu mlango: wagonjwa wamekuja wengi mno, au waliokuja hawakustahili kuja. Nikifuatilia historia ya huduma hii hapa Kigali, naona shida kubwa iko upande wa pili, kule anakotakiwa kutokea mgonjwa.

Hospitali ya Muhima ni hospitali ya wilaya, na sifa yake kubwa ni uzazi. Mgonjwa anayeizidi uwezo hupelekwa CHUK, hospitali ya rufaa iliyojengwa mwaka 1918 na kuanza kazi kama kituo cha afya mwaka 1928. Kwa gari ni mwendo mfupi tu. Ngazi ya rufaa ndiyo ndefu: mhudumu wa afya wa kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ndipo hospitali ya rufaa. Ilibidi kuijenga upya baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, kwa kuwa wahudumu wengi wa afya waliuawa na wengine walikimbia nchi.

Ujenzi huo ulifanikiwa. Bima ya afya ya jamii, yaani mituweli, ilianza kwa majaribio mwaka 1999, kisha ikaenea nchi nzima. Mwaka 2007 ikaundwa SAMU, huduma ya magari ya wagonjwa inayopigiwa namba 912. Mtu ambaye zamani angefia nyumbani kwa kukosa pesa au usafiri sasa anafika hospitali akiwa hai. Kwa hiyo sikubaliani na wanaouita msongamano dalili ya kushindwa tu. Sehemu yake ni matunda ya kazi nzuri.

Suluhisho lililofuata lilikuwa kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Wazo hilo ni la zamani: Dominique Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, alitaka majeruhi watibiwe kwa kadiri ya jeraha bila kujali cheo. Huku Afrika, madaktari na wauguzi wa Cape Town walitengeneza kipimo chao kuanzia 2004, na CHUK ikaanza kukitumia, kikiwa kimerekebishwa, mwaka 2013. Muuguzi hupima mapigo ya moyo, pumzi, shinikizo la damu, joto na fahamu, kisha humpa mgonjwa rangi. Katika kipimo cha asili, nyekundu huonwa papo hapo, rangi ya machungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Mwaka huohuo mafunzo ya udaktari bingwa wa dharura yalianza nchini.

Lakini rangi hupanga foleni, haiifupishi. Mgonjwa mwekundu akishatulizwa anahitaji kitanda wodini au chumba cha wagonjwa mahututi. Kikikosekana, anabaki palepale, na machela yake haimpokei anayeletwa na SAMU. Hapo daktari bingwa hana la kufanya. Ufunguo uko kwa anayetoa ruhusa wodini, maabara inayochelewesha majibu, na familia inayotafuta pesa za kulipa bili.

CHUK ilipangiwa kuhamia Masaka, Kicukiro, kwenye vitanda vingi zaidi. Ningependa kujua mambo mawili: ruhusa za wodini zitatolewa saa ngapi huko, na mama anayevuja damu Muhima usiku wa manane atapelekwa wapi, sasa kwa kuwa Masaka iko mbali.