Barua ya Kikazi Katika Mwambao wa Rumonge: Ilikotoka na Inakokwenda

Walimu wengi hufundisha barua rasmi kana kwamba ilizaliwa ofisini. Historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji hadi Rumonge na vijiji jirani kama Gatete, inatuonyesha kwamba barua hiyo ilianzia sokoni.

Katika karne ya 19, wafanyabiashara waliofika ziwani kutoka pwani waliandikiana kwa Kiswahili au Kiarabu, kwa hati za Kiarabu. Sura ya barua zao tunaiona katika mkusanyiko wa C. G. Büttner uliochapishwa mwaka 1892. Anayepelekewa alitajwa kwanza kwa heshima yake, ikafuata salamu, kisha neno "wabaadu" likafungua hoja. Mwisho jina la mwandishi na tarehe. Maneno ya kazi tunayoyatumia hadi leo, kama vile barua, karani, daftari, hati na hundi, yanatokana na biashara ya namna hiyo.

Wajerumani walipoitawala Urundi kama sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya utawala, kikiandikwa kwa hati za Kirumi. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka nchi, na baadaye Kifaransa kikatawala maofisini. Kiswahili kikabaki sokoni na mwaloni: kikasemwa sana, kikaandikwa kidogo.

Baada ya mauaji ya mwaka 1972, Warundi wengi walikimbilia Tanzania. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baadhi yao walirejea Burundi, wakiwemo waliorudi Rumonge, wakiwa na ujuzi wa kuandika Kiswahili lakini wakakuta ofisi zinazotumia Kirundi na Kifaransa. Hivyo mwambao huu una watu wawili: anayejua kusema lakini hajafundishwa kuandika, na anayejua kuandika lakini hapati pa kuandikia.

Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, watu hao wawili wanahitajiana. Chukulia chama cha wauza mawese wa Gatete wanaotaka soko Kigoma. Ofisi ya huko itatarajia anwani, tarehe, kichwa cha habari kinachoanza na "Yah:", hoja moja iliyo wazi, kiasi cha bidhaa kwa tarakimu, na ombi linaloeleweka. Salamu ndefu na habari za familia zitaificha hoja, na mzigo utakawia.

Basi tunapofundisha, tusiwape wanafunzi kiolezo cha kunakili tu. Tuwape mawese na ndagala za kuuza, na mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka. Waandike, wasomeane, kisha waulizane: msomaji anajua tunataka nini? Mfanyabiashara wa zamani alijua kwamba barua isiyoeleweka ni hasara. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.