Mzimu Katika Riwaya na Katuni: Bwana Msa, Kitaro na Babu

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, ukikutana na neno "mzimu" usikimbilie kuandika "jini". Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), riwaya ya Muhammed Said Abdulla, mzimu ni mahali pa matambiko. Maiti ya Bwana Ali inaonekana papo hapo, na msomaji anatarajia vitisho. Lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anamtafuta muuaji wa damu na nyama. Taharuki ipo, mzuka hamna.

Mwaka uo huo huko Japani, Shigeru Mizuki alianza kuchora katuni za Kitaro, mtoto aliyezaliwa kaburini, katika vitabu vya kukodishwa. Mwaka 1968, Kisima cha Giningi kilipotoka, Kitaro aliingia kwenye televisheni. Mizuki hakuufumbua mzuka kama kesi, aliufanya jirani.

Kwetu Kishushe hilo si geni. Wataita wa zamani walifukua mafuvu ya wazee wao na kuyaweka mapangoni, wakayaendea kwa tambiko walipopatwa na shida. Marehemu alitisha kama mdai anavyotisha.

Kwa jicho hilo isome Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Babu anamrudia K, mkubwa aliyeshiba akawasahau wenziwe. Mtahiniwa akiandika "huu ni ushirikina tu", amekwisha kuiacha dhamira (nami nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo). Aulizwe kwanza: Babu anamdai K nini?