Ukame na Nguvu ya Mbegu za Dawa

Wauza dawa za asili hupenda kusema ya kwamba mbegu iliyokulia katika nchi kavu huishinda kwa nguvu ile iliyoneemeshwa kwa maji mengi, na mnunuzi wa habasoda au wa uwatu huweza kuambiwa, kabla hajauliza bei, kuwa mzigo uliopo mbele yake umetoka katika nchi ya jua kali. Kauli hiyo haistahili kudharauliwa, kwa kuwa ina asili yake katika tabia ya mimea yenyewe; wala haistahili kukubaliwa nzima nzima, maana ndani yake mna mambo mawili yaliyochanganywa, na mwenye kutaka kulima au kununua mbegu hizi kwa maarifa hana budi kuyapambanua.

Kwanza ifahamike kwamba mimea ya mbegu za dawa haiukabili ukame kwa hila moja. Bizari nyembamba, ilimwayo kwa wingi katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan huko India, na ambayo soko lake mashuhuri limo katika mji wa Unjha, haishindani na ukame bali huukimbia: hupandwa mwezi wa Novemba, mvua kubwa za nchi ile zikisha kwisha na ardhi ingali na unyevu wa kusaza, ikavunwa Februari au Machi kabla joto halijapamba moto. Majani yake, membamba mno na yaliyochanika, hayana upana wa kupotezea maji. Na la ajabu ni kuwa adui wake mkali si ukavu, bali ni unyevu. Siku chache za mawingu zikiingia wakati wa maua, ukungu wa Alternaria huweza kuliunguza shamba zima, ilhali ukungu mwingine, Fusarium, huishambulia kutoka ardhini na kuinyausha. Si ajabu basi kwamba pwani yetu yenye hewa ya majimaji, ambayo pilau yake haikamiliki pasina bizari hiyo, imekuwa ikiipokea kwa njia ya bahari tangu zama za majahazi.

Isabgoli, jirani yake katika majimbo yayo hayo, hujihami tangu ingali mbegu. Ngozi yake ikiguswa na maji huvimba na kutoa ute mwingi, na ute huo huigandamanisha mbegu na mchanga isipeperushwe na upepo, na huushika unyevu kandokando yake wakati inapochipua. Ute uo huo ndio umfaao binadamu aliyefunga choo. Hapa kinga ya mmea na dawa ya mtu ni kitu kimoja, wala hapahitaji hoja ndefu.

Kinyume kabisa cha mimea hiyo miwili ni hanzali, lile tango chungu la majangwa ya Arabuni na Sahara, liitwalo na wataalamu Citrullus colocynthis, ambalo tangu kale hutumiwa kama haluli kali. Mtu angetazamia kwamba mmea wa jangwani utakuwa bahili wa maji. Huu ni mbadhirifu. Mtaalamu wa Kijerumani, Otto Lange, aliyeipima mimea ya Mauritania na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1959, alibainisha kuwa majani ya hanzali yanaweza, katika joto la mchana, kubaki na ubaridi unaoizidi hewa iliyoyazunguka kwa zaidi ya digrii 10, kwa sababu huvukiza maji mfululizo. Na jani likikatwa kutoka kwenye shina lake, likakosa maji ya mzizi, joto hulipanda hata likafa. Ubadhirifu wa namna hiyo hauwezekani ila kwa mzizi unaozama mbali kufuata maji yasiyofikiwa na mimea mingine, na ndiyo maana haifai kusema kwamba kila mmea wa nchi kavu huishi kwa kiu.

Ama habasoda na uwatu, pamoja na bizari yenyewe inapochelewa kuukimbia ukame, hufuata njia ya katikati, na humo ndimo ulimo mzizi wa kauli ya wauza dawa. Udongo unapokauka, mmea hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo asidi abisisiki, na homoni hiyo huyaamrisha matundu madogo ya majani yajifunge. Maji huokolewa, lakini mlango uliofungiwa maji ndio huohuo unaopitisha hewa ya kaboni ambayo mmea hujitengenezea chakula. Jua halipunguzi mwanga wake kwa sababu ya dhiki ya mmea, na nishati iliyokwisha kunaswa na jani ikakosa kazi huzalisha namna za oksijeni zilizo kali, zenye kuharibu seli. Mmea hujilinda kwa kulimbika sukari na asidi ya amino iitwayo prolini, ambazo huyazuia maji yasitoke ndani ya seli, na sehemu ya nishati ile huielekeza katika kutengeneza mafuta ya kunukia na viambato vingine vya kujihami. Taimokwinoni ya habasoda, ambayo watafiti wa zama hizi wameichunguza kuliko kiambato kingine chochote cha mbegu ile, ni ya ukoo huo wa mafuta ya kunukia. Mpaka hapa muuza dawa ana haki.

Lakini yeye hupima kwa pua na ulimi, na pua na ulimi hutambua ukali, havitambui kiasi. Ukame unapoingia wakati wa maua na wa kujaa kwa mbegu, chavua hufifia, maua hupukutika, na mbegu zinazosalia husinyaa kwa kukosa wanga, protini na mafuta mazito; mbegu iliyosinyaa huonyesha asilimia kubwa zaidi ya mafuta ya kunukia hata kama mmea haukuongeza tone moja, kama mchuzi uliokaukia jikoni unavyozidi chumvi bila mpishi kuitia. Tuchukue mfano wa hesabu tu: shamba lililotoa kilo 500 za mbegu zenye mafuta ya kunukia asilimia 3 lina kilo 15 za mafuta hayo, likikosa maji likatoa kilo 300 zenye asilimia 4, lina kilo 12. Asilimia imepanda, dawa imepungua, na mkulima amepoteza mara mbili, kwa kuwa yeye hulipwa kwa uzito. Katika uwatu hasara huzidi, maana vifundo vya mizizi vyenye bakteria wanaoulisha naitrojeni huathirika mapema udongo unapokauka.

Kwa hiyo suala si kuwa na maji au kutokuwa nayo, bali ni majira. Kiu ya wastani kabla ya maua huusukuma mzizi chini, na kiu ya mwisho, mbegu ikisha kujaa, haina madhara makubwa. Iliyo katikati ndiyo iuayo. Mwenye maji machache na ayaweke kwa ajili ya wakati huo. Hata katika nyanda zetu kavu pia jumla ya mvua haitoshi kuwa hoja: Dodoma hupata mvua zake kati ya Desemba na Aprili, yaani katika miezi ya joto na mawingu, na hayo siyo majira ambayo bizari hupewa huko Gujarat. Anayetaka kuijaribu hapo kwa sababu tu nchi ni kavu ameusahau ule ukungu.

Wazalishaji wa mbegu wa India wamepiga hatua. Aina ya bizari iitwayo GC 4, iliyotolewa Gujarat, imesifiwa kwa kuvumilia mnyauko ule wa Fusarium, na Ajmer, katika Rajasthan, ipo tangu mwaka 2000 taasisi ya taifa iliyowekwa mahususi kwa viungo vya mbegu. Linalodaiwa kwa watafiti wote, wa kwao na wa kwetu, ni kwamba kila jaribio la ukame litoe hesabu mbili bega kwa bega, asilimia ya kiambato na jumla ya kiambato kwa kila hekta. Na jaribio lenye hesabu ya kwanza peke yake lisichukuliwe kuwa ushahidi wa nguvu ya dawa.