Kwa Nini Programu Hupiga Hodi

Simu nyingi zinazouzwa Butembo na Beni huendeshwa na Android. Mtu akipiga picha ya ubatizo, aona kazi imekwisha mara moja. Kumbe ndani ya simu programu ya picha hairuhusiwi kugusa kamera wala ghala la picha kwa mkono wake. Yapasa ipige hodi kwanza. Tutazame desturi hiyo ilitoka wapi.

Katika miaka ya 1940 na mingi ya 1950 hodi haikuwapo. Kompyuta ilifanya kazi ya mtu mmoja, kisha ya mwingine, na programu yenye zamu ilishika lolote ilipendalo. Lakini mashine zilikuwa ghali mno, na watu wakataka kuzitumia wengi kwa pamoja. Hapo kosa la mmoja likaweza kuharibu kazi ya wote. Huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT walionyesha mfumo wa kushirikiana mashine moja mnamo Novemba 1961. Mwaka 1962 Manchester, Uingereza, ikazinduliwa kompyuta Atlas, ambayo programu yake kuu iliitwa Msimamizi. Jina lafaa sana, nasi tutalitumia.

Hodi yenyewe hupigwa hivi. Programu huweka namba ya ombi lake mahali panapojulikana, kisha hutoa amri moja ya pekee. Papo hapo mashine huisimamisha na kumpa Msimamizi madaraka. Mlango ni mmoja tu. Programu haichagui pa kuingilia. Msimamizi hutazama namba, huuliza kama mwombaji ana ruhusa, hufanya kazi, kisha hurudisha jibu, au namba ya kosa.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walioanza Unix mwaka 1969 waliyafanya maombi hayo kuwa machache na mepesi: fungua, soma, andika, funga. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alifuata mfano huo alipotoa Linux mwaka 1991, na Linux ndiyo iliyo ndani ya Android. Maombi yake sasa yapita 300.

Wako wasemao kompyuta haisemi uongo. Sisi tungesema polepole. Programu ikiomba “andika”, Msimamizi aweza kujibu “tayari” na huku maneno yangali katika kumbukumbu ya muda, hayajafika kwenye diski. Umeme ukikatika hapo, yamepotea. Liko ombi jingine, liitwalo fsync, lenye maana ya kungoja mpaka yafike. Programu nyingine hulitumia, nyingine haziliombi kamwe.

Basi karani wa parokia anayenakili daftari la ndoa huku jenereta ikikohoa, ahifadhi kazi yake mara kwa mara, aizime kompyuta kwa utaratibu kabla ya jenereta, wala asilitupe daftari la karatasi.