Lutindi na Askari Waliorudi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii huelekezwa zaidi kwa maradhi ya mwili. Lakini yako maradhi yasiyotoa damu wala usaha, nayo hufichwa si na mgonjwa peke yake, bali na jamaa zake, na jirani zake, na hata na wanahistoria. Haya ni maradhi ya akili yampatayo mtu aliyekwenda vitani akarudi. Katika makala haya nakusudia kuyatazama kutoka milima ya Usambara, mahali ambapo wagonjwa wa akili walikuwa na nyumba yao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilhali askari hawakupata kuulizwa habari zao.

Nyumba hiyo ni Lutindi, iliyo mlimani upande wa Korogwe. Ilianzishwa na Waprotestanti wa Kijerumani mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baada ya miaka michache watoto wa namna hiyo walipungua, na kati ya mwaka 1904 na 1905 makao yakageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Waliohusika nayo walifuata desturi ya Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ambako wenye kifafa na wenye akili zilizovurugika walitunzwa kwa kupewa kazi: kulima, kufuga, kuseremala. Leo Lutindi imo katika Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambayo makao yake makuu yako Lushoto, na kazi za mikono bado ni sehemu ya matibabu pamoja na dawa. Basi nyumba hii tangu mwanzo wake ilikuwa ya watu waliojeruhiwa na jeuri ya wengine, maana mtoto aliyetekwa hana tofauti kubwa na mtu aliyetoka vitani.

Vita vyenyewe havikuchelewa kufika. Mnamo Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga. Katikati ya mwaka 1916 waliitwaa Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Na tarehe 25 Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Katikati ya tarehe hizo wapagazi makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la Kariakoo ndilo ukumbusho wao ulio hai kuliko wote. Mwaka 1915 daktari Charles Myers alikwisha kuandika juu ya askari walioshtuliwa na mizinga hata wakapoteza uwezo wa kuona na kumbukumbu, na mwaka uliofuata hospitali ya Craiglockhart, huko Edinburgh, ikafunguliwa kwa maofisa wa namna hiyo. Mpagazi wa Afrika Mashariki hakujengewa nyumba kama hiyo. Mwaka 1927 Dar es Salaam ilipata sanamu ya askari, na katika mwaka huo huo hospitali ya Mirembe ilianza Dodoma. Shaba ilimkumbuka askari shujaa, na kuta zikampokea mwenye wazimu; lakini hapakuwa na aliyeuliza kama wawili hao huenda ni mtu mmoja.

Katika Vita Kuu ya Pili watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Hao waliitwa Keya. Wengine walipigana Burma, katika matope ya bonde la Kabaw. Wengine walizama tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail ilipopigwa na manowari ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, wakafa watu karibu 1,300. Waliosalia walirudi na nishani na kipande cha kuachishwa kazi. Mganga mkuu wa akili katika Kenya wakati huo alikuwa J. C. Carothers wa hospitali ya Mathari, ambaye kitabu chake kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Yeye alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba maradhi ya huzuni kuu ni haba kwake. Dai hilo lilikwisha kukataliwa na wataalamu. Walakini lina somo. Carothers aliwahesabu walioletwa hospitalini, na walioletwa walikuwa hasa wale waliopiga watu au kuchoma nyumba. Aliyekaa kimya chini ya mgomba wake hakuhesabiwa, kisha kutokuhesabiwa kwake kukafanywa ushahidi kwamba hayupo.

Hapa nathubutu kusema kwamba kosa hilo halikuondoka na mkoloni. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Tanzania iliita jeshi lake na mgambo kutoka kila mkoa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mgambo wakarudi makwao. Nilipokuwa mtoto, mmoja wao alikuwa jirani yetu karibu na Soni. Sisi watoto tulimwita Afande. Mchana alikuwa mpole, fundi wa kupanda viazi. Usiku wa mvua ya radi alitoka nje akalala ndani ya mfereji wa shamba hata kukapambazuka. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni pombe. Mkewe alimpelekea blanketi, naye hakusema neno. Alikufa bila kuandikwa katika daftari la zahanati yoyote kwa maradhi hayo.

Mwaka 1980, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya madai ya askari waliorudi Vietnam, madaktari wa akili wa Marekani waliyapa maradhi haya nafasi katika orodha yao. Kwetu nako, miaka hiyo hiyo, huduma za akili zilianza kupelekwa vijijini kwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, na mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Afya ya Akili. Hizi ni hatua njema. Lakini huduma haipimwi kwa vitanda vyake tu, wala kwa idadi ya waliopona. Hupimwa pia kwa wale isiowaona. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mganga wa zahanati amwulize kila mtu mzima asiyelala usiku kama aliwahi kuwa askari au mgambo. Pili, mke na watoto wafundishwe, kwa kuwa wao ndio wauguzi wa kwanza. Tatu, mgonjwa apewe kazi yenye heshima karibu na kwao, kama Lutindi ilivyoonyesha kwa zaidi ya karne.

Wasambaa wana usemi wao, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, nao huutumia kwa mvua, kwa mavuno na kwa amani ya watu pamoja. Kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu nchi. Katika fikira hiyo nchi haiponi kwa bunduki kunyamaza tu. Afande alilima, akalipa kodi, akazikwa; lakini vita vyake viliendelea katika mfereji ule kwa miaka mingi baada ya serikali kutangaza kwamba vimekwisha.