Kitenzi kifupi, kazi ndefu: "take" na walimu waliobadili kamusi ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Tanzania anayeingia kidato cha kwanza kutoka shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili hukutana na kitenzi "take" mapema sana. Huambiwa maana yake ni kuchukua, hukiandika daftarini na kuona amekimaliza. Kisha kitenzi hicho hicho humrudia katika kila somo kikiwa na sura nyingine: picha inapopigwa, dawa inaponywewa, mtihani unapofanywa, basi linapopandwa, ndege inaporuka, mkutano unapofanyika, mtoto anapofanana na baba yake. Yote hayo Kiingereza huyasema kwa "take", mara nyingine kikifuatwa na kineno kidogo kama "off" au "after". Mwanafunzi hana kosa. Amepunjwa na aliyempa maana moja.

Kitenzi chenyewe si cha Waingereza kwa asili. Mababu zao walikuwa na "niman", ndugu wa "nehmen" cha Kijerumani, na hicho ndicho walichokitumia kwa kuchukua. Wale Waskandinavia walioshambulia mashariki na kaskazini mwa Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 8, kisha wakalowea huko, ndio waliokuja na "taka". (Neno hilo halina undugu wowote na kutaka kwetu.) Watu wakaishi kijiji kimoja, wakauziana, wakaoana, na kidogo kidogo kitenzi cha wageni kikakifukuza cha wenyeji. Kilichosalia cha "niman" ni masazo, kama neno "numb", ambalo kwanza lilimaanisha kiungo kilichochukuliwa na leo ni kiungo kilichokufa ganzi. Wahamiaji hao hao ndio waliowapa Waingereza "get" na hata "they".

Kadiri karne zilivyopita, "take" kikabebeshwa kazi mpya. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake London mwaka 1755, alikihesabia matumizi 134, na katika dibaji akaeleza jinsi vitenzi vidogo vya aina hiyo vinavyomtesa mtunzi wa kamusi, kwa kuwa maana zao ni pana na zimelegea.

Hata hivyo Johnson aliwaandikia watu waliokinyonya Kiingereza pamoja na maziwa ya mama. Hakuwa na haja ya kuwaonyesha jinsi ya kujenga sentensi. Kwa karibu miaka 200 baada yake, Mjapani, Mbengali au Mswahili aliyetaka kujifunza lugha hiyo alipewa kamusi za wenyewe, zinazofafanua maana bila kusema kitenzi hutangulia nini na hufuatwa na nini. Waliouona upungufu huo vizuri zaidi hawakuwa maprofesa wa Oxford. Walikuwa walimu wa ughaibuni, wanaosahihisha madaftari kila jioni.

Mmoja wao ni Harold Palmer, aliyekwenda Japani mwaka 1922 kuishauri Wizara ya Elimu. Mwaka uliofuata alianzisha Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Palmer aliamini kwamba ugumu wa Kiingereza haumo katika maneno marefu ya wasomi bali katika yale mafupi ya kila siku, na mwaka 1938 alichapisha kitabu kinachoeleza sarufi ya maneno hayo, moja baada ya jingine.

Mwaka 1924 mwalimu kijana, Albert Sidney Hornby, alifika Oita, kisiwani Kyushu, kufundisha fasihi ya Kiingereza. Aliona mapema kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha kwanza, akajiunga na kazi ya Palmer, na Palmer alipoondoka Japani mwaka 1936, yeye ndiye aliyeiendeleza. Pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield alitunga kamusi ambayo mfano wake haukuwapo: kila kitenzi kilipewa namba ya muundo wake wa sentensi, miundo 25 kwa jumla. Mwanafunzi aliyekwisha kujua "tell me" hudhani basi anaweza kusema "explain me". Namba ile ilimzuia asitumbukie katika kosa hilo, kwa sababu ilimwonyesha kwamba vitenzi hivyo viwili, ingawa maana zao zinakaribiana, havijengi sentensi moja.

Kazi ilipokamilika, vita vikazuka. Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani, na Hornby akawekwa kizuizini, kisha akarejeshwa kwao. Pamoja na hayo, mwaka 1942, katikati ya mapigano, kampuni ya Kaitakusha ya Tokyo iliichapa kamusi yake ya Kiingereza. Mimi naliona tukio hilo kuwa la heshima kubwa katika historia ya elimu. Mwaka 1948 Oxford University Press iliitoa tena, na kizazi chake ndicho kamusi nene ya Oxford ya wanafunzi inayouzwa hadi leo. Mwaka 1961 Hornby aliunda mfuko wa kuwasomesha Uingereza walimu wa Kiingereza kutoka nchi nyingine, kwa fedha zilizotokana na vitabu vyake.

Hatua iliyofuata ilihitaji kompyuta. Huko Birmingham, John Sinclair na wenzake walikusanya mamilioni ya maneno yaliyosemwa na kuandikwa kweli, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya COBUILD. Ushahidi wao ulionyesha kwamba mara nyingi "take" hakibebi maana ya kushika kitu. Hukopesha tu umbo la kitenzi, na uzito wa maana ukabaki kwenye nomino, kama mtu anapotazama, anapotembea au anapopumzika. Mswahili analijua jambo hili bila kufundishwa, kwa sababu yeye hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mswaki na hupiga kura, wala hakuna anayeumia.

Kwa upande wetu, kamusi za Kiingereza na Kiswahili tunazo, kuanzia ile ya Frederick Johnson ya 1939 hadi ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya 1996, na zimetufaa sana. Lakini kijana wa sekondari anayefanya mtihani wa fizikia kwa Kiingereza anahitaji pia kamusi inayompa muundo pamoja na maana, iliyotungwa kwa kuyaangalia makosa yanayotokea katika madaftari ya Dodoma na Mombasa, kama Hornby alivyoyaangalia ya Oita. Kazi hiyo wanaiweza walimu wetu, kwa kuwa makosa hayo wanayaona kila siku. Wayaandike, wayapange, wawapelekee wachapishaji. Na wakati tukiisubiri kamusi hiyo, mwalimu asikiandike ubaoni kitenzi kikiwa peke yake. Akiandike na nomino yake na kineno chake, sentensi nzima, kisha wanafunzi wainakili hivyo hivyo.