Mashine ya alizeti na haki ya fundi

Ukipita barabara ya Dodoma kuelekea Singida utayaona mafuta ya alizeti yamepangwa kando kwa madumu na chupa. Siku hizi mengi hukamuliwa kwa umeme. Zamani, vijiji vya kanda hizi visivyo na umeme vilihitaji kitu kingine.

Mwaka 1985, mjini Arusha, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ya kukamua kwa mkono alipokuwa akifanya kazi na shirika la Appropriate Technology International. Mbegu hushuka toka juu, mpini mrefu husukuma pistoni, nayo huzibana ndani ya bomba lenye nyufa nyembamba. Mafuta hudondoka kupitia nyufa, mashudu hutokea mwisho wa bomba. Mashine hiyo ilitaka mbegu ya ganda laini, kama aina ya Record. Karakana za hapa nchini ziliitengeneza, na baadaye yakaja matoleo madogo yasiyomchosha mkamuaji.

Jina la Bielenberg likabaki kwenye mashine. Mafundi walioichomelea, wakaona inapokwamia na kuirekebisha, nani anawataja?

Sheria nayo ilichelewa. Kwa miaka mingi hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hapa nchini ilikuwa ni kuandikisha tu ile iliyokwisha kutolewa Uingereza; fundi wa Iramba, mkoani Singida, angeanzia wapi? Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 ilianza kutumika 1994. Sheria hiyo inasema uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba ukisema vingine. Lakini uvumbuzi ukiwa na thamani kubwa mno, mfanyakazi anastahili malipo ya haki, kwa kuangalia mshahara wake na faida aliyoipata mwajiri.

Kipengele hicho cha malipo ndicho ninachokipigania. Karakana nyingi za kuchomelea huajiri kwa maneno ya mdomo. Kijana akibuni chujio bora la mafuta, bosi akaziuza mashine mkoa mzima, sheria itauliza mkataba ulisema nini. Haukusema kitu, basi mali ni ya bosi, na kijana hata hajui kwamba anaweza kudai malipo.

Shirika la SIDO limekuwa mlezi wa viwanda vidogo tangu 1973, na Singida ina ofisi yake. Liwape wenye karakana mkataba wa mfano, wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, wenye mstari unaotaja mgawo wa fundi atakayebuni.